Kadi za maili kwa msafiri wa Lubumbashi: ipi inastahili ada yake ya mwaka?

Kuanzia mtaa wa Golf hadi komuni ya Kenya, karibu kila familia ina ndugu aliye Dallas au Brussels ambaye siku moja alituma picha kwa WhatsApp: amekaa kwenye kochi la chumba cha wageni cha uwanja wa ndege, sahani ya matunda mbele yake, na chini ameandika kwamba kadi yake ndiyo iliyomlipia. Halafu swali linatua Lubumbashi: na sisi huku tuchukue kadi gani?

Jibu langu nalitoa mapema, mwenye haraka asilazimike kufika chini. Kwa mtu anayeishi hapa na kupanda ndege mara chache kwa mwaka, kadi ya kawaida ya dola kutoka benki ya hapa, pamoja na uanachama wa bure kwenye mpango wa maili (pointi unazohesabiwa na kuzibadilisha kuwa tiketi) wa ndege anayoipanda, inashinda kadi ya ada kubwa. Ada ya mwaka itakatwa usafiri usisafiri. Maili ni ahadi tu. Na kati ya yote unayolipia kwenye kadi, kitakachokuokoa siku ya shida ni mtu wa kupokea simu upande wa pili.

Maili zinatoka mfukoni mwa nani

Mpango wa maili kama unavyojulikana leo ulipata umbo lake American Airlines walipoanzisha AAdvantage mwaka 1981. Mwaka 1987 Citibank ikatoa kadi ya mkopo iliyofungwa na mpango huo: nunua viatu, pata maili. Tangu hapo kampuni za ndege za Marekani huziuzia benki maili kwa jumla, na benki huwagawia wateja wake. Ni biashara kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, United iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus ikapata dola bilioni 6.8, mpango wenyewe, bila ndege hata moja, ulikadiriwa thamani ya karibu dola bilioni 22.

Pesa hizo zinatoka kwa mwenye duka. Kila kadi inapopita kwenye mashine, anakatwa sehemu ya mauzo yake. Marekani, kwa kadi za mkopo, makato hayo huzunguka asilimia 2, na benki inageuza kipande chake kuwa maili. Ulaya waliweka kikomo mwaka 2015: fungu la benki iliyotoa kadi lisizidi asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na 0.2 kwa kadi ya debiti. Ndiyo maana shangazi yako wa Liège hana kadi tamu kama ya binamu yako wa Dallas, hata kama mishahara yao inalingana.

Sasa angalia kwetu. Kodi ya nyumba unalipa dola mkononi, na garanti ya miezi kadhaa juu yake. Unga, gunia la makala (mkaa), mafuta ya gari, fundi bomba, zote ni keshi au pesa ya simu. Mashine ya kadi utaikuta hotelini, kwenye maduka makubwa ya katikati ya mji, na kwenye ajansi chache za safari. Benki haipati makato ya kutosha kuyageuza zawadi. Kwa hiyo anayekuuzia kadi ya ada kubwa Lubumbashi hakuuzii maili hata kama karatasi yake ina picha ya ndege. Anakuuzia plafoni (kikomo) kubwa ya matumizi, bima ya safari, nafasi ya kuingia chumba cha wageni, na rangi ya plastiki. Vitatu vya kwanza vina faida kwa baadhi ya watu. Cha nne sina la kusema.

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme umepata kadi inayotoa maili moja kwa kila dola, na kwa mwaka umeipitishia dola 3,000: tiketi, hoteli, ununuzi kidogo wa intaneti. Una maili 3,000. Wamarekani wanaofuatilia mambo haya huipa maili moja thamani ya senti 1 hadi 1.5, basi mkononi una kitu cha dola 30, ukibahatika 45. Kama ada ya kadi ni dola 100, umelipa mia kununua arobaini na tano. Na ada ya benki hapa kwetu ina TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake. Uliza kama bei uliyotajiwa imeijumuisha.

Kabla ya kadi, chukua namba ya bure

Watu wengi hawajui kwamba kwetu maili kubwa hazitoki kwenye kadi bali kwenye kiti cha ndege, na kwamba kujiandikisha hakulipiwi. Kingine kisichojulikana, na hapa nawasemesha hasa wanaofanya kazi migodini kuanzia Likasi hadi Kolwezi: maili ni za aliyekaa kwenye kiti, si za aliyelipa. Kampuni ikikutumia Johannesburg kwa mafunzo na kulipa tiketi yote, namba yako ya uanachama ikiwa kwenye tiketi, maili zinaingia kwako. Ukikaa bila namba, zinapotea tu, hakuna wa kukuwekea.

Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, safari za nje hupitia hasa milango mitatu: Addis-Abeba, Nairobi na Johannesburg. Mpangilio wangu wa mipango unafuata milango hiyo.

Wa kwanza ni ShebaMiles wa Ethiopian Airlines. Kwenda Addis peke yake ni kama maili 1,600, na wengi hawaishii Addis. Wanaendelea Guangzhou, Dubai, Brussels. Ethiopian iko Star Alliance, muungano wa kampuni za ndege, tangu 2011, kwa hiyo namba hiyo hiyo inakubalika Turkish, Lufthansa, Brussels Airlines na wengine. Lakini sababu ya kuuweka juu ni mzigo. Ukipanda mpaka daraja la Gold, ndege za Star Alliance zinakupa begi moja la ziada bure pale wanapohesabu mabegi, au kilo 20 zaidi pale wanapopima uzito. Mama anayeleta nguo na vipuri kutoka China anajua begi la ziada linalipiwa kiasi gani. Hakuna kadi ya benki hapa inayoweza kumpa faida hiyo, na daraja lenyewe halinunuliwi kwa ada: unalipata kwa kuruka mara nyingi ukiwa na namba moja. Anayegawa safari zake kwa kampuni nne ili kufuata dola 20 za tofauti ya bei hafiki popote.

Angalizo moja: maili za ShebaMiles zina mwisho. Kama unasafiri na Ethiopian mara moja kila baada ya miaka miwili au mitatu, fikiria kuziweka kwenye MileagePlus ya United, ambayo nayo ni ya Star Alliance na tangu 2019 maili zake haziozi. Hutapata daraja haraka huko, lakini pia hutakuta sufuri siku utakapozihitaji.

Wa pili ni wa Kenya Airways. Zamani walikuwa ndani ya Flying Blue pamoja na Air France na KLM. Mwaka 2021 walianza mpango wao, Asante Rewards. Bado wako SkyTeam, muungano mwingine wa kampuni za ndege, waliyoingia mwaka 2010. Ni chaguo zuri kwa anayekwenda Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa mara kwa mara. Kwa anayeelekea Paris, Flying Blue inabaki na maana, ila elewa jinsi inavyohesabu: kwa tiketi za Air France na KLM, mwanachama wa kawaida anapata maili 4 kwa kila yuro aliyolipa, umbali hauhesabiwi. Tiketi ya bei nafuu, maili chache.

Wa tatu, Voyager wa South African Airways. Johannesburg ni karibu, kama maili 1,000, na wagonjwa wetu, wanafunzi na wafanyabiashara wa vipuri wanaijua njia hiyo kama ya mpakani Kasumbalesa. Naweka Voyager chini kwa sababu moja. Desemba 2019 kampuni hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa kuokoa biashara, ikaacha kuruka, na ndege zake hazikurudi angani hadi Septemba 2021. Wenye maili walikaa nazo wakisubiri. Sasa inaruka, ni ya Star Alliance, na unaweza kuweka safari zake kwenye ShebaMiles yako bila kufungua namba nyingine. Anayepanda Airlink aulize kwanza: Airlink haimo Star Alliance.

Safari za ndani sizipangi. Kwa Kinshasa au Mbuji-Mayi, nunua ndege inayoondoka. Tumeona kampuni ya ndege Korongo ikizaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 2012 na kufunga mwaka 2015; aliyekuwa akihesabu safari zake atuambie alizipeleka wapi. Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian 49, inaweza siku moja kubadilisha mambo kwa sababu ya mshirika wake. Uliza kwenye gishe (dirisha la huduma) yao kama tiketi yako inahesabika.

Jambo la majina lisikupite. Sisi tuna jina, postnom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kwanza), urithi wa siasa ya Mobutu ya mwaka 1972, na mifumo ya ndege ina visanduku viwili tu. Ajansi moja itabandika postnom kwenye jina la ukoo, nyingine itaibandika kwenye prénom, ya tatu itaiacha. Majina ya tiketi yasipolingana na ya uanachama, maili haziingii, na kuzidai ni barua juu ya barua. Jiandikishe kama pasipoti inavyosoma, kisha mwambie mtu wa ajansi aandike vivyo hivyo, na usimame hapo hapo mpaka uone kwenye kioo cha kompyuta. Kipande cha kupandia ndege usikitupe mpaka maili zionekane.

Huduma ndiyo bei yenyewe

Nimewasikia watu wakilinganisha ada za kadi kwa dola tano huku na dola saba kule, na hakuna aliyeuliza nani anapokea simu Jumapili usiku. Fikiria uko Addis, saa nane za usiku, unabadilisha ndege, na kadi imebaki kwenye mashine ya kutolea pesa. Namba iliyo nyuma ya kadi ni ya Kongo. Je, inaitika usiku? Je, ina +243 mbele, au ni namba fupi isiyofanya kazi nje ya nchi? Na ikiwa kadi ndiyo imepotea, namba iliyoandikwa nyuma yake utaisoma wapi?

Kwa hiyo kabla ya kufungua konti, fanya majaribio ambayo hayagharimu kitu. Pigia simu benki hiyo usiku mmoja na asubuhi moja ya Jumapili. Waandikie WhatsApp swali la kweli, kwa mfano kadi mpya inachukua siku ngapi na inalipiwa kiasi gani, uone jibu linafika lini na kama linajibu ulichouliza. Kisha nenda gishe ukaulize haya: nikipoteza kadi naifungaje mwenyewe kwa simu? Plafoni ya siku ni kiasi gani kwa ununuzi wa intaneti, na inapandishwa na nani? Msimbo wa kuthibitisha ununuzi unakuja kwa SMS, kwa barua pepe, au ndani ya programu ya benki?

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Msimbo wa SMS unatumwa kwenye namba yako ya Kongo. Ukiwa Guangzhou na laini yako haina romingi, msimbo haufiki, na tiketi ya kurudi huwezi kuilipia ingawa pesa ziko kwenye konti. Benki inayothibitisha ndani ya programu yake inakuokoa, maana Wi-Fi ya hoteli inatosha.

Kuna na suala la kurudishiwa pesa. Ndege ikifutwa na kampuni isirudishe, mwenye Visa au Mastercard ana njia ya kupinga malipo kupitia benki yake. Muda wake kwa kawaida ni siku 120, na benki ndiyo inayofungua faili, si wewe. Hapo ndipo unajua kama una benki au una kabati la kuwekea pesa. Ziko benki ambazo mtu wa gishe hajawahi kuisikia fomu hiyo. Uliza wazi: "Nikitaka kupinga malipo ya kadi, naandika wapi, na nani ananijibu?" Ukiambiwa "Papa, utarudia kesho", umepata jibu. Aliyenunua tiketi kwa keshi kwenye ajansi hana njia hiyo. Pesa zake zitarudi kupitia ajansi ile ile, kwa mwendo wa ajansi.

Kadi zenyewe

1. Kadi ya debiti ya dola. Rawbank, Equity BCDC, TMB, ambayo ilizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 2004 na ambayo KCB ya Kenya iliinunua kwa sehemu kubwa mwaka 2022, Ecobank, wote wanazo kadi za Visa au Mastercard. Nzuri kuliko zote ni ile ya benki iliyofaulu majaribio ya hapo juu, na jibu linaweza kutofautiana kati ya tawi na tawi. Faida yetu Wakongo: konti yetu ni ya dola. Tiketi ikiuzwa kwa dola, hakuna kubadilisha pesa, hakuna makato ya kubadilisha. Ukilipa kwa randi au yuro, makato yapo, uliza ni asilimia ngapi. Na mashine ya Johannesburg ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa randi, chagua randi. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayejipangia kiwango, na hajipangii hasara.

Usiangalie ada ya kadi peke yake. Jumlisha utunzaji wa konti wa kila mwezi, ada ya kadi, kila utoaji wa pesa nje ya nchi, na kadi mpya ikipotea. Kuna kadi "ya bure" ambayo konti yake inakula zaidi ya kadi ya kulipia.

2. Kadi ya kujaza. Unaweka dola 400, unanunua tiketi ya dola 380, inabaki karibu tupu. Kwa anayeogopa wezi wa intaneti ni nzuri, na kwa mzazi mwenye mwanafunzi Lusaka au Pretoria ni nzuri zaidi. Udhaifu wake ni kwenye hoteli na magari ya kukodi: huko huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na wengi hukataa kadi ya kujaza moja kwa moja. Angalia pia makato ya kila kujaza, na tarehe ya mwisho ya kadi: tiketi ikirudishiwa pesa baada ya kadi kufa, kuzifuata ni kazi. Maili usiulize.

Nyongeza kwa kadi zote mbili: tovuti nyingine za nje hukataa kadi za Kongo bila kutoa sababu. Nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa) ya GAFI, shirika la kupambana na utakatishaji wa fedha, Oktoba 2022, jambo ambalo halikuongeza imani kwa kadi zetu. Tovuti ya kampuni ya ndege yenyewe kwa kawaida ina matumaini kuliko ya dalali wa mtandaoni. Ikikataa mara mbili, acha. Majaribio mengi mfululizo hufanya benki ifunge kadi.

3. Gold, Platinum na wenzao. Hizi ndizo kadi za ada kubwa, nazo zina mtu wake: anayelala hotelini kila mwezi, anayesubiri saa sita Addis au Nairobi, na ambaye ofisi yake inarudisha gharama. Kabla ya kulipa, dai karatasi yenye masharti, usikubali maneno. Bima inafanya kazi tu kama tiketi ililipiwa kwa kadi hiyo? Chumba cha wageni ni mara ngapi kwa mwaka, na mgeni wako analipiwa? Kulinganisha ni rahisi: Priority Pass, mtandao wa vyumba hivyo, Marekani wanauza uanachama wa chini kwa dola 99 kwa mwaka, kisha dola 35 kila unapoingia. Kama kadi inakuongezea ada ya dola 150 na wewe utaingia mara mbili, kila mara imekugharimu dola 75: kaa nje, kunywa kahawa yako, utabaki na pesa.

Bima za kadi zina jambo jingine la kuangaliwa na mtu wa hapa. Kampuni zote za ndege zilizosajiliwa Kongo ziko kwenye orodha ya marufuku ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, na baadhi ya mikataba ya bima haitambui ndege za orodha hiyo. Kama safari yako ya Ulaya inaanzia na ndege ya ndani hadi Kinshasa, soma kifungu hicho.

4. Kadi ya ng'ambo ya mpaka. Mwenye kibali cha kukaa Afrika Kusini, mshahara na anwani huko, anaweza kupata kadi ya kweli ya pointi. Nedbank kwa mfano imekuwa na kadi za Voyager. Wasio na kibali wasijisumbue, na wasitumie anwani ya rafiki. Konti itakuwa ya randi, nayo randi hupanda na kushuka. Dola zako zitaliwa njiani mara mbili, kwenda na kurudi.

5. Kadi ya Marekani. Hizi ndizo za ile picha ya WhatsApp, na kwa ndugu aliyeko kule zinaweza kuwa na maana. Ada zake zimepanda. Delta SkyMiles Gold ni dola 150, mwaka wa kwanza bure, Platinum yake 350, Reserve 650. United Explorer ilipanda mwaka 2025 kutoka 95 hadi 150. Mwaka huo huo Chase Sapphire Reserve iliruka kutoka 550 hadi 795, na American Express Platinum kutoka 695 hadi 895. Chase Sapphire Preferred imebaki 95, na hiyo ndiyo ningemshauri mdogo wangu aliyeanza kazi kule, si zile za mia tisa ambazo wanakurudishia ada kwa vipande vya kuponi za maduka usiyoyahitaji. Riba yao kwa deni lisilolipwa inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi analipia maili zake mara kumi.

Aliye Lubumbashi hawezi kuiomba: wanataka anwani ya Marekani, namba ya kodi, na historia ya mikopo ya kule. Wengine humwomba ndugu awaweke kama mtumiaji wa pili. Sipendi njia hiyo. Deni lote linabaki jina la ndugu, kadi inayofanya kazi ghafla Lubumbashi huamsha walinzi wa wizi wa benki, na kugombana na yaya yako (kaka au dada mkubwa) kwa sababu ya dola 60 za hoteli ni gharama ambayo haimo kwenye jedwali lolote la ada.

Kama ana moyo wa kukusaidia, mwombe tiketi badala ya kadi. United na Delta, na mipango mingi ya namna hiyo, humruhusu mwenye maili kukatia tiketi mtu mwingine. Anahitaji majina yako kama pasipoti inavyosoma na tarehe ya kuzaliwa. MileagePlus inaweza kukata kiti cha Ethiopian kutoka Luano, ikiwa kuna nafasi, na nafasi hupatikana zaidi ukianza kutafuta mapema. Wale wanaouza maili kwenye makundi ya WhatsApp waache: kuuza maili ni kinyume cha sheria za mipango hiyo, tiketi inaweza kufutwa ukiwa tayari uwanjani, na hakuna wa kumlalamikia. Na kama ndugu atalipa kwa kadi yake badala ya maili, aulize kwanza kampuni ya ndege, kwani baadhi hudai kuona kadi iliyolipa tiketi wakati wa kupima mizigo, nayo iko Dallas. Kampuni nyingine hukubali mwenye kadi ajithibitishe kwenye ofisi yao ya kule kabla ya safari.

Tiketi ya maili nayo ina kodi za viwanja, ambazo mwenye maili hulipa kwa kadi wakati wa kukata. Go-Pass yetu usidhani imo humo mpaka umeuliza. Kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa safari ya nje na 10 kwa ya ndani, na ukiilipa Luano kwa noti, chagua noti safi, isiyochanika.